Mafundi wa Kisongo: Injini za Ndege Ndogo Magharibi mwa Mji wa Arusha

Jina Elerai latokana na lugha ya Kimaasai, nalo ni la mti wa mgunga wenye gome la rangi ya njano, upendao kuota mahali penye maji. Wazee waliopapa mahali hapa jina hilo walikuwa watu wa kutembea, na wajumbe wa kwanza wa Injili waliofika katika nchi ya Meru walitembea vivyo hivyo. Ewald Ovir na Karl Segebrock wa Misheni ya Leipzig walifika Akeri kutoka upande wa Kilimanjaro mwezi Oktoba 1896, wakauawa usiku wa kuamkia tarehe 20 ya mwezi huo. Wenzao walioanzisha kituo cha Nkoaranga mwaka 1902, na kile cha Ilboru mwaka 1904, nao walikuja na mizigo yao vichwani mwa wapagazi. Habari hizo zimesimuliwa mara nyingi katika sharika zetu, na inafaa ziendelee kusimuliwa.

Waumini wa leo wanapoketi ibadani husikia sauti ambayo wale watangulizi hawakuijua: mngurumo wa ndege ndogo ikishuka kuelekea Kisongo. Kiwanja cha ndege cha Arusha kiko magharibi mwa mji, kando ya barabara kuu iendayo Makuyuni na Dodoma, na njia yake ya kurukia imelazwa mashariki kwa magharibi. Kwa hiyo ndege inayokuja kutua kutoka mashariki hupita karibu na mitaa ya upande huu wa mji. Watoto huinua macho, wazee hunyamaza kidogo mpaka ipite, na ibada huendelea. Ni wachache wanaojiuliza ni nani aliyeifungua injini ile mara ya mwisho, aliifungua kwa sababu gani, na aliandika nini katika kitabu chake baada ya kuifunga. Hata hivyo, kwa mgonjwa aliyelazwa ndani ya ndege hiyo akitoka Loliondo au Ngorongoro, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote, hata kama yeye mwenyewe halijui.

Usafiri wa anga katika sehemu hizi ulianza na ndege za watu binafsi. Mwaka 1929 mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi, na ndege zake za kwanza zilikuwa za aina ya Moth zilizoundwa na kampuni ya de Havilland ya Uingereza. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya kutoka London hadi Cape Town, Moshi, Dodoma na Mbeya viliingizwa katika orodha ya vituo. Ndege za Moth zilisukumwa na injini iliyoitwa Gipsy, yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja na kupozwa na upepo, bila maji. Katika siku ambazo injini nyingi za ndege zilifunguliwa kila baada ya saa chache tu za kuruka, watengenezaji wa Gipsy walitaka kuonyesha kwamba yao ni ya namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 waliifunga injini moja kwa lakiri, wakairusha saa 600 pasipo kuifungua, kisha wakaifungua mbele ya mashahidi ili ubovu wake upimwe. Vipuri vilivyohitaji kubadilishwa vilikuwa vichache na vya bei ndogo. Tangu jaribio hilo swali likawa lile lile ambalo mafundi wa Kisongo wamelijadili kwa miongo mingi: injini ya ndege ifunguliwe lini?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, walowezi wenye mashamba makubwa ya ngano, kahawa na mifugo katika Kilimanjaro Magharibi na pande za Meru walianza kutumia ndege ndogo kama wengine wanavyotumia gari. Kiwanja kilikuwa ni kipande cha malisho kilichofyekwa na kusawazishwa. Katika eneo la Ol Molog, kaskazini-magharibi mwa Kilimanjaro, ndipo daktari wa upasuaji Michael Wood alipokuwa na shamba, na ni huko wazo la huduma ya madaktari wanaoruka lilipozungumzwa kati yake na madaktari wenzake Archibald McIndoe na Thomas Rees. Mwaka 1957 likazaliwa shirika ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la AMREF. Wood mwenyewe alikuwa rubani. Ikumbukwe basi kwamba huduma ya tiba kwa ndege, ambayo sasa watu huihusisha na miji mikubwa na ofisi zenye viyoyozi, wazo lake lilijadiliwa shambani, upande wa pili tu wa tambarare inayoonekana kutoka miteremko ya Meru.

Katika miaka hiyo hiyo Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt na mwanawe Michael waliruka mpaka Serengeti kwa ndege aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa mistari kama ya punda milia, wakawahesabu wanyama kutoka angani. Ndege hiyo ilitumia injini ya Lycoming yenye silinda sita. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikufa ilipoanguka kaskazini mwa Ngorongoro baada ya kugongana na ndege mla mizoga. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, na baba yake aliyefariki mwaka 1987 alilazwa kando yake. Injini haikuwa na lawama katika msiba huo. Jambo hilo linatajwa hapa kwa sababu watu husema upesi kwamba "injini ilizima" kila waisikiapo habari ya ndege iliyoanguka, na huko ni kuwadhulumu mafundi.

Hata hivyo, injini za aina hii zina shida zake za pekee katika nchi ya Arusha, na yeyote atakaye kuielewa kazi ya mafundi sharti azielewe kwanza shida hizo.

Ya kwanza ni mwinuko. Kiwanja cha Kisongo kiko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Injini ya pistoni huvuta hewa kwa kifua chake yenyewe, na hewa ya huku juu ni nyepesi, hivyo hata asubuhi ya baridi injini isiyo na kipulizia hewa hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Tanga au Dar es Salaam. Mchana wa jua kali, joto likifika nyuzi 30, hewa ya Kisongo huwa nyepesi kama ile ya mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200. Kiwanja kilicho ukingoni mwa Ngorongoro chenyewe kimepita mita 2,000 kabla jua halijaanza kukitesa. Rubani aliyejifunza kazi yake pwani asiyepunguza petroli ili ilingane na hewa ndogo huichafua injini kwa masizi, akashangaa kwa nini plagi zinakufa. Aliyepunguza kupita kiasi wakati injini inafanya kazi kwa nguvu nyingi, naye huunguza valvu za kutolea moshi. Mara nyingi fundi huitambua tabia ya rubani kwa kuzitazama plagi zake tu, kama vile mwalimu anavyoutambua mwandiko wa mwanafunzi.

Ya pili ni vumbi. Udongo wa huku ni wa majivu ya volkano, laini kama unga lakini mkali kama msasa. Propela inapozunguka juu ya kiwanja cha udongo huliinua wingu hilo lote, na chujio la hewa likiwa na ufa mdogo, au likiwa limekaa vibaya katika kiti chake, vumbi huingia katika silinda. Ndani huchanganyika na oili, ringi zikaisaga silinda kwa saa chache kuliko ambavyo ingesagika kwa miaka. Mlima Oldoinyo Lengai ulipolipuka mwaka 2007 na kuendelea kutoa majivu hadi mwaka uliofuata, jambo hili lilikuwa wazi kwa kila mtu, lakini mafundi walilijua tangu zamani. Oili ikipelekwa maabara kupimwa, wingi wa silika ndani yake huonyesha kwamba vumbi linaingia, na wingi wa chuma au kromiamu huonyesha ni kipi kinacholika. Vipimo hivyo vikitunzwa mfululizo kwa miaka huwa kama kadi ya kliniki ya mtoto: kipimo kimoja hakisemi mengi, bali mstari unaopanda au kushuka husema yote.

Ya tatu ni kukaa bure, na hii huwashangaza wengi. Mwenye ndege binafsi ambaye huruka mara moja kwa miezi miwili hudhani anaitunza injini yake. Kinyume chake, unyevu hujikusanya ndani, utando wa oili hushuka, na chuma huanza kuota kutu. Katika injini nyingi za Lycoming kemushafti iko juu ya krenki, mahali ambapo oili huwa ya kwanza kukauka, na kutu ndogo juu ya ngazi za kemushafti hugeuka kuwa mchubuko ambao hauponi. Ndege inayofanya kazi kila juma huishi kuliko ile inayofunikwa turubai.

Kwa miaka mingi shida hizi zote zilitibiwa Nairobi. Hadi mwaka 1977 Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na Jumuiya moja, shirika moja la ndege lililoanzishwa mwaka 1946, na utaratibu mmoja wa kusimamia usafiri wa anga. Shule ya mafunzo ya anga ilikuwa Nairobi, ile ya marubani ilikuwa Soroti nchini Uganda, na karakana za ndege ndogo zilikuwa zimejazana katika uwanja wa Wilson. Kutoka Kisongo hadi Wilson ni mwendo wa saa moja na kidogo tu. Mwenye ndege wa Arusha ambaye injini yake ilikuwa inakaribia mwisho wa saa zake aliiacha Wilson, akarudi kwa basi, na baada ya majuma kadhaa akaifuata. Hakuna aliyeona sababu ya kujenga karakana kubwa Arusha wakati ile ya jirani ilikuwa karibu hivyo.

Mwezi Februari 1977 mpaka ulifungwa. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kuvunjika, na magari ya watalii na ndege ndogo za kutoka Kenya zilizokuwa upande huu zikazuiwa. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo karibu saba ilitokea pia vita ya Kagera, kisha uhaba mkubwa wa fedha za kigeni ambao kila familia ya Elerai yenye umri huo inaukumbuka kwa foleni za sukari, sabuni na unga. Mahali ambapo sabuni ilikuwa adimu, mtu angepata wapi seti ya ringi za pistoni kutoka Marekani? Kila kipuri kilihitaji kibali cha kuingiza bidhaa, na kibali kilihitaji dola. Aidha, mashamba mengi makubwa yalikuwa yamekwisha kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na wengi wa waliokuwa na ndege walikuwa wameondoka nchini.

Ndege zilizobaki zilitunzwa na mafundi wachache ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha historia. Baadhi walikuwa wamefunzwa na Jumuiya kabla haijavunjika, wakarudi nyumbani na leseni zao na sanduku la spana. Wengine walianza kama wasafishaji wa banda. Walifanya yale ambayo fundi wa Wilson hakulazimika kuyafanya: kunoa viti vya valvu kwa mkono, kuosha chujio badala ya kulibadili, kutunza kila skrubu iliyotoka katika ndege iliyokufa. Ni lazima kusema kweli pia kwamba kipindi kile kilikuwa na hatari yake ya kiroho, ikiwa neno hilo laweza kutumika kwa habari za mashine. Fundi asiye na kipuri hujaribiwa kuamini kwamba kile cha zamani bado kizima. Na mwenye ndege ambaye ana safari ya haraka hujaribiwa kumsaidia fundi aamini hivyo. Sheria za anga ziliandikwa ili kuwalinda wote wawili na jaribu hilo.

Utaratibu ambao nchi zetu zilirithi kutoka kwa Waingereza uligawa leseni za mafundi kwa herufi: aliyeruhusiwa kusimamia mwili wa ndege alikuwa na leseni ya A, na aliyeruhusiwa kusimamia injini alikuwa na leseni ya C. Mtu angeweza kuwa hodari kwa mikono kuliko wote katika banda, lakini pasipo leseni hiyo jina lake halikuweza kuirudisha ndege angani. Kila kazi huandikwa katika kitabu cha injini pamoja na tarehe, saa za injini na sahihi. Kitabu hicho huifuata injini popote iendako, na injini iliyopoteza kitabu chake hushuka thamani kama shamba lisilo na hati, hata ikiwa inanguruma vizuri. Kazi iliyogusa viungo vya uongozaji huangaliwa na mtu wa pili ambaye naye hutia sahihi. Kila msomaji wa Torati ataikumbuka hapo kanuni ya mashahidi wawili.

Mwaka 1983, mwaka ule ule ambao mpaka ulifunguliwa, ilianzishwa Arusha huduma ya Flying Medical Service chini ya Padre Pat Patten, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambaye ni padre na rubani. Yafaa Walutheri waseme wazi kwamba katika jambo hili ndugu zetu Wakatoliki walitutangulia hapa Arusha, na kwamba wagonjwa wa Kilutheri katika vijiji vya Wamaasai wamebebwa na ndege zao pasipo kuulizwa dhehebu. Kwa upande wetu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom huko Mbulu, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, ilikuwa na kiwanja chake, na ndege za MAF, shirika la kimisionari la usafiri wa anga, zilipeleka wahudumu wake katika kliniki za mbali. Ndege iliyobeba sehemu kubwa ya kazi hii yote ilikuwa Cessna 206, yenye mabawa juu, milango mipana, na injini moja ya Continental yenye silinda sita zinazolala, tatu kila upande.

Injini moja. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Ndege yenye injini mbili ikipoteza moja ina nafasi ya kutafuta kiwanja, lakini Cessna 206 iliyozimikiwa juu ya Bonde la Ufa kati ya Ziwa Natroni na Ngorongoro hutafuta mahali pa kushukia miongoni mwa mawe. Ni kweli kwamba injini hizi zimeundwa kwa tahadhari ya pekee: kila silinda ina plagi mbili, na kila seti ya plagi huwashwa na magneto yake isiyotegemea betri, hivyo magneto moja ikifa nyingine huendelea. Lakini pistoni haina mwenzake, wala krenki.

Watengenezaji huweka idadi ya saa ambazo, zikitimia, hushauri injini ifunguliwe yote. Kwa injini za Lycoming zenye silinda nne zinazotumika katika Cessna 172 nyingi ni saa 2,000. Kwa Continental ya Cessna 182 za zamani ni saa 1,500, na kwa ile ya silinda sita ya Cessna 206 ni saa 1,700. Tena huongeza sharti la umri: hata saa zisipotimia, miaka 12 ikipita injini ifunguliwe. Kabla ya hapo kuna ukaguzi wa kila saa 100, na oili hubadilishwa kila saa 50 au chini ya hapo, ambapo chujio la oili hukatwa kwa kifaa maalumu na karatasi yake kutandazwa juani ili fundi aone kama kuna chembe zinazometameta. Mgandamizo wa kila silinda hupimwa kwa kuijaza hewa ya paundi 80 na kuangalia kiasi kinachobaki, na fundi huinamisha sikio: hewa ikivuma katika bomba la moshi, valvu ya kutolea ina tatizo, ikivuma katika mdomo wa kujazia oili, ni ringi.

Saa zikitimia, injini hushushwa. Kazi hii mafundi wa Arusha huiita kwa jina la kawaida la gereji, ovahoo, lakini haifanani na ovahoo ya lori. Kila kitu hufunguliwa mpaka kipande cha mwisho, huoshwa, na hupimwa kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya inchi. Krenki hutiwa sumaku na kumwagiwa chembe za chuma zenye kung'aa, kisha hutazamwa gizani chini ya taa ya zambarau. Penye ufa mwembamba kuliko unywele chembe hujipanga mstari, na krenki hiyo haitarudi kazini, haidhuru bei yake. Beringi, ringi, gasketi na mipira yote huwa mipya. Silinda hununuliwa mpya au hukwanguliwa upya. Bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio ulioandikwa, kwa kuwa bolti ndefu zinazoshika nusu mbili za injini zikikazwa kwa mpangilio mbaya zaweza kuzibana beringi mpaka zizunguke mahali pake, na hapo injini huharibika ikiwa bado mpya. Gharama ya kazi nzima hufika makumi ya maelfu ya dola za Marekani, na kwa ndege nyingi za zamani yaweza kukaribia thamani ya ndege yenyewe.

Injini iliyofunguliwa sharti pia ifundishwe. Kuta za silinda mpya zimekwaruzwa kwa makusudi, ili ringi zisuguane nazo na kukaa sawasawa katika saa za mwanzo. Kwa muda huo hutiwa oili ya madini tupu, na rubani hutakiwa kuiendesha kwa nguvu nyingi, asiibembeleze. Hapa mwinuko wa Arusha huleta taabu tena, maana juu sana injini haiwezi kuitoa nguvu inayotakiwa. Hivyo saa za kwanza hurushwa chini iwezekanavyo juu ya tambarare, wakati wa baridi ya asubuhi. Rubani anayeiogopa injini mpya na kuiendesha polepole huifanya silinda ing'ae kama kioo, na kutoka siku hiyo injini hunywa oili mpaka ifunguliwe tena.

Je, injini inayofanya kazi vizuri ifunguliwe kwa sababu tu saa zake zimetimia? Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mafundi wengi wa kizazi cha kwanza waliishika methali hiyo kama katekisimu. Lakini kuna ushahidi wa upande wa pili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mwanasayansi C. H. Waddington alichunguza ndege za doria za jeshi la anga la Uingereza, akaona kwamba hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50, kisha zikapungua kadiri saa zilivyosonga. Yaani ukaguzi wenyewe ulikuwa ukiviharibu vilivyo vizima. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la United Airlines, Nowlan na Heap, walitoa ripoti yao iliyoonyesha kwamba sehemu nyingi za ndege hazina umri maalumu wa kuchakaa. Tangu hapo wapo wanaoshikilia kwamba injini ya ndege binafsi iangaliwe hali yake, kwa kamera ndogo inayoingizwa kupitia tundu la plagi, kwa vipimo vya oili na kwa chujio lililokatwa, na ifunguliwe pale itakapoomba yenyewe.

Hoja hiyo ina nguvu, na katika nchi nyingi mwenye ndege binafsi asiyebeba abiria wa kulipa anaruhusiwa kuifuata. Kwa Arusha, hata hivyo, ina masharti. Yeye anayeiangalia hali ya injini lazima awe na kamera, awe na maabara inayojibu kwa wakati, na awe na kumbukumbu zisizokatika. Katika miaka ya 1977 hadi 1983 havikuwapo. Fundi wa wakati huo aliyeifuata idadi ya saa hakuwa mjinga: saa ndizo kipimo pekee alichoweza kukisoma kwa hakika. Na ndege inayobeba wagonjwa na wahudumu haipaswi kuhesabiwa sawa na ile ya mtu anayejiburudisha mwenyewe. Mzigo ulio ndani ni tofauti.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilianza kazi mwaka 2003 chini ya sheria mpya ya mwaka huo, na kwa wakati huo sura ya Kisongo ilikuwa imekwisha kugeuka. Kampuni zinazobeba watalii kwenda Serengeti zilihamia katika Cessna Caravan, ndege yenye injini ya tabini inayotumia mafuta ya jeti, ambayo ni jamaa ya mafuta ya taa. Injini hiyo ina nguvu maradufu ya ile ya Cessna 206 na hukaa saa 3,600 kabla ya kufunguliwa. Mafuta yake hupatikana popote ndege kubwa inapotua. Petroli ya ndege, ile yenye rangi ya samawati, haisafishwi Afrika Mashariki. Huletwa kwa meli kwa kiasi kidogo, mara nyingi katika mapipa, na bei yake hupanda kila wanunuzi wanapopungua. Kuna nyakati ndege nzima ya pistoni imesimama ikiwa haina kasoro yoyote ila tangi tupu.

Petroli hiyo ina risasi ndani yake, ambayo huizuia isilipuke kabla ya wakati katika silinda, lakini pia huacha vijidonge vigumu katika plagi ambavyo mafundi huvikwangua mmoja mmoja. Mwezi Septemba 2022 mamlaka ya anga ya Marekani iliidhinisha petroli moja isiyo na risasi itumike katika injini zote za pistoni za ndege ndogo zilizomo katika kumbukumbu zake. Mwenye Cessna kule Kisongo bado alihitaji meli ya kuileta, mnunuzi wa kuiagiza kwa wingi wa kutosha, na fundi wa kuangalia kama mipira na rangi ya matangi ya zamani vitaistahimili.